Kitufe Chenye Picha ya Trela

Tangu daktari wa macho amzuie kuendesha gari, mzee Orval Dunnick hakuwahi kukaa upande wa abiria bila kununa. Asubuhi ile ya Agosti alinuna maradufu. Ndani ya trela walikuwamo farasi wake wawili wa kuvuta, Judge na Pearl, kila mmoja akikaribia tani nzima, na aliyeshika usukani wa pikapu alikuwa Tressa, mke wa mwanawe.

Walikuwa wakienda mji wa Lovell, ng'ambo ya milima ya Bighorn, kwenye maonyesho ambako farasi wawili wawili hushindana kuvuta mzigo. Kwa miaka thelathini Orval alikuwa ameshika hatamu mwenyewe. Mwaka huu Tressa alimwomba mara mbili amwachie yeye, kwa adabu, bila kutaja macho. Mara zote mbili mzee alijifanya hasikii, ingawa masikio yake hayakuwa na kasoro hata chembe. Hatamu hizo hakumpa hata Clete, mtoto wake wa kumzaa, sembuse huyu aliyeletwa na ndoa kutoka mji wa Casper.

Walipofika chini ya mlima, Tressa alibonyeza kitufe kwenye mkono wa gia, chenye picha ndogo ya trela. Orval akauliza cha nini. Tressa akamweleza kwamba kinaijulisha giaboksi kuwa nyuma kuna mzigo mzito, ili isirukeruke kutoka gia hadi gia, bali ishikilie gia ya nguvu. Mzee akacheka kwa pua. Enzi zake, alisema, dereva ndiye aliyeiambia giaboksi la kufanya, kwa mkono na mguu, wala hakuhitaji kuchorewa picha.

"Wewe ulikuwa unaiambia kwa matusi, Baba," Tressa alisema. "Clete amenisimulia yote."

Hata hivyo, kule kupanda kulimpendeza. Pikapu ilikwea kwa sauti moja nzito, kona baada ya kona, bila kukwama wala kukohoa, kama farasi anayejua kazi na hana haraka ya kujionyesha. Orval aliyaona hayo moyoni akayaweka huko huko. Mtu wa miaka sabini na tisa hawezi kuanza kusifia kitufe.

Kileleni Tressa akaegesha, akaiacha injini ikinguruma, akashuka kufanya kile ambacho kila mtu wa bonde lao hufanya akiwa na wanyama kwenye trela. Huzunguka gari na kugusa kila gurudumu kwa kiganja, asikie kama lina joto. Orval akabaki ndani, yeye na kile kitufe.

Nia yake ilikuwa njema, na balaa lilianzia hapo hapo. Babu yake alisafirisha mbao kwa magari ya farasi kupitia milima hii hii. Wakati wa kupanda walikuwa wakifunga jozi ya pili mbele, ya kusaidia. Wakifika juu, kabla hata ya mtu kunywa maji, jozi hiyo ilifunguliwa ikapumzishwa, maana kwenye mteremko hakuna tena cha kuvuta. Orval alikua akisikia habari hizo mezani. Basi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mkono wa gia, akakitafuta kitufe, akakibonyeza. Taa yake ikazimika. Akaegemea kiti, ameridhika kwamba ameipumzisha mashine.

Tressa akarudi, akafunga mkanda, wakaondoka. Taa hakuitazama. Aliyeiwasha ni yeye, na nani angeizima?

Barabara ya kuteremkia Lovell haina mzaha. Maili ya kwanza tu, pikapu ikaanza kuchapuka. Tressa akakanyaga breki, akaachia, mwendo ukarudi pale pale. Akakanyaga tena, ukarudi tena. Mara ya nne akakunja uso, akajiuliza kwa sauti mbona gari halishiki. Harufu ya breki zinazoungua ikaingia ndani. Kisha huko nyuma zikasikika kwato zikigonga sakafu ya trela, na Orval alizijua ni za nani. Pearl alikuwa akitafuta mahali pa kukanyaga.

Hapo ndipo mzee alipokumbuka nusu ya pili ya habari za babu. Jozi ya mbele ilifunguliwa, sawa. Lakini jozi ya nyuma, iliyo karibu na gari, haikufunguliwa kamwe. Farasi wale walivishwa mkanda mpana wa makalioni, na kwenye mteremko waliukalia ule mkanda kwa uzito wao wote, wakalizuia gari lisiwapande mgongoni. Na kwa kukizima kitufe, yeye, Orval Dunnick, alikuwa ameufungua mkanda.

Aliona aibu. Alitamani Tressa aione ile taa mwenyewe, na yeye asiseme neno mpaka kaburini. Kwato zikagonga tena.

"Tressa," alisema. "Kile kitufe nilikizima mimi. Kule juu."

Akasubiri kelele. Yeye angepiga kelele, tena za kusikika mpaka bondeni. Tressa hakugeuka hata kumtazama, na mikono yake ilibaki imetulia kwenye usukani. Alikanyaga breki mara moja, kwa nguvu iliyopimwa, mpaka mwendo ukapungua. Akabonyeza kitufe, akaachia breki. Giaboksi ikashuka gia moja, ikashuka nyingine, injini ikatoa mngurumo mnene, na Orval akalisikia gari zima likikaa chini, sawasawa na Judge anavyoukalia mkanda. Waliipita njia ya changarawe iliyotengwa kwa magari yaliyoshindwa breki, na waliipita polepole kiasi kwamba hata yeye aliiona.

"Inapiga kelele sana," alisema baada ya muda.

"Ndiyo inavyoshika, Baba. Iache ipige."

Bondeni Tressa alisimamisha gari, akagusa magurudumu, akasema yana moto na watangoja yapoe. Wakafungua trela. Orval akapitisha kiganja kwenye kifua cha Pearl, kisha chini ya shingo. Pakavu, bila jasho. Judge alikuwa akitafuna nyasi zake. Mzee akaegemea ubavu wa farasi huyo.

"Leo hatamu utashika wewe," alisema.

Tressa akamuuliza kama ni kwa ajili ya macho.

"Macho yalikufa tangu mwaka juzi. Nimekuambia jambo baya katikati ya mteremko, na mikono yako haikushtuka. Farasi wanasikiliza mikono, mwanangu. Mimi sina mikono kama hiyo, na leo naona sikuwahi kuwa nayo."

Tressa akajifuta macho.

"Nitashika. Ila simama karibu. Na Baba?"

"Naam."

"Usiguse kitu."

Jioni, zamu yao ilipoitwa, watu wa Lovell walimwona mzee Dunnick kando ya uzio, mikono yote miwili ameizamisha mifukoni. Hakuitoa mpaka Judge na Pearl walipousimamisha mzigo upande wa pili wa mstari wa kumalizia.