Risasi ya Rulon Ndani ya Bunduki ya Della

Ubishi ulianza kabla kahawa haijapoa. Rulon Stoddard alizisimamisha risasi kama safu ya meno juu ya mlango wa nyuma wa pikapu: zake za kipimo cha 270 zenye ncha kali, za shemeji yake Della za 30-06 zenye kichwa butu, na moja fupi ya 308 aliyoiokota chini ya kiti.

"Tazama, shemeji. Ganda ni lile lile, baruti karibu sawa. Lakini yangu ina kichwa chepesi, kinakwenda mbio, kimenyooka. Kwa yadi mia tatu sina haja ya kulenga juu ya mgongo wa mnyama. Ya kwako inaanguka kama jiwe."

"Inaanguka na mtu wake," alisema Della. "Kichwa kizito kinavunja bega na kuendelea na safari. Hicho chako ni sindano ya daktari."

"Na hii 308?"

"Hiyo ni 30-06 iliyotahiriwa."

Rulon alicheka hadi akamwaga kahawa. Baridi ilikuwa inauma. Della akazizoa zake kwa mkono wenye glovu nene, akazisukumia kwenye magazini ya bunduki yake bila kuzitazama, wakapanda mlima.

Jua lilipokuwa limepanda vizuri, walimpata elki dume, kulungu mkubwa wa huko, kwenye uwazi. Della alipiga moja tu, mnyama akalala pale pale. Rulon akaegemeza bunduki yake kwenye msonobari, akapiga magoti kumpasua. Della alipoingiza risasi nyingine, komeo la bunduki liligoma kidogo. Akadhani ni baridi. Akasimama kulinda, kwa sababu dubu wa milima hii ya Wyoming wameshajifunza kwamba mlio wa bunduki maana yake nyama.

Dubu hakukawia. Alitokea vichakani, upande ule ule wenye bunduki ya Rulon. Akanusa. Kisha masikio yakalala.

"Usikimbie, Rulon."

"Nikimbie na miguu ya nani? Yangu imekataa."

"Wee! Toka! Nenda zako!" Della alipaza sauti. Dubu akaja.

Alilenga kifuani, akafyatua. Mlio ukawa mkavu, wa ajabu, na gome la mti mmoja kando kabisa likachanika tundu refu, kana kwamba risasi imeingia ubavuubavu. Mshindo ulimsimamisha dubu hatua chache kutoka kwa Rulon. Akawa anayumbisha kichwa, anagonganisha meno.

Della akavuta komeo. Ganda likaangukia theluji, shingo yake imefura. Miaka yote ya kutumia bunduki hii ya baba yake, haijawahi kutema ganda la namna hiyo. Risasi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Rulon. Ganda linaingia, ndiyo, lakini kichwa chembamba kimepita mtutuni kikigongagonga kama kokoto ndani ya bomba. Na zilizobaki kwenye magazini hakujua zipi ni za nani.

"Piga, shemeji!"

"Nyamaza."

Akaing'ata glovu, akaivua kwa meno. Akapapasa kwa kidole gumba risasi ya juu kwenye magazini. Ncha kali. Ya Rulon. Akaisukuma nje. Iliyofuata ikapanda: kali vilevile. Nje! Dubu akaguna, akajikunja. Ya tatu ilikuwa butu, ya mviringo, laini chini ya kidole. Komeo likafunga bila kugoma.

Dubu akaruka. Della akapiga bega. Miguu ya mbele ikakunjika, mwili wote ule ukateleza kwenye theluji mpaka pua ikagusa kiatu cha Rulon.

Rulon alikuwa ameuegemea ubavu wa elki, damu mpaka viwikoni, anajitazama kama anatafuta damu ipi ni yake.

"Dubu hawa wanalindwa. Itabidi tumwite askari wa wanyamapori," Della alisema.

"Mwite."

Ndipo Rulon alipoziona zile risasi mbili kwenye theluji, akazitambua kuwa zake. Safari hii hakutaja kasi wala kunyooka. Della aliziokota, akamnyooshea. Rulon akaonyesha mikono yake yenye damu, basi Della akamtilia mfukoni na kumfungia kifungo.