Kundi Lisilo na Mhariri

Kwa miaka kumi na moja karani wa masjala alikuwa akiwaambia watu "faili lako linashughulikiwa, pita wiki ijayo," na kusema kweli hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Mafaili yalikuwa mengi, yeye alikuwa mmoja, na dirisha lake lilifungwa saa tisa na nusu. Kwa hiyo siku kompyuta ilipomwambia, "Ombi lako limepokelewa. Litasomwa na mhariri wa kujitolea. Tafadhali subiri," aliitambua lugha yake mwenyewe, akatamani kuvunja kitu.

Aliyekuwa akihangaikiwa ni binti yake wa miaka sita. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyoongea tangu kuamka mpaka kulala, akiuliza maswali na kujijibu mwenyewe. Sasa maneno yalikuwa yameanza kumpotea. Ilianza na homa ya kawaida tu, siku tatu, ikaisha. Ila ilipoisha mtoto hakuweza tena kukimbia. Homa ya pili iliondoka na vifungo: vidole vilisahau kufunga shati. Ya tatu ikaondoka na majina ya rangi. Daktari, mtu muungwana asiyependa kudanganya wazazi, alivua miwani akasema ugonjwa huu ameusoma vitabuni, hajawahi kuuona, na kwamba angeshukuru kumpata hata mzazi mmoja mwingine wa kumuuliza. Karani akatoka pale na kazi moja tu duniani: kumtafuta mzazi huyo.

Kaka yake, fundi wa kompyuta, alimtengenezea tovuti. Kurasa nne, picha ya Chiriku akiwa hana meno ya mbele, orodha ya kila homa na ilichochukua, namba ya simu. Ikakaa mtandaoni miezi miwili na wageni wake walikuwa wawili, yeye na kaka yake.

"Hapa umebandika tangazo ndani ya kabati, dada," kaka akamwambia. "Lazima uingie kwenye saraka."

Saraka yenyewe, enzi hizo, ilikuwa orodha kubwa ya tovuti za dunia nzima, zimepangwa makundi kwa makundi na watu wasiolipwa hata senti, waliosoma kila tovuti kwa macho yao na kuiandikia mistari miwili. Mashine za kutafutia zilichota humo. Ukiwa ndani unaonekana. Ukiwa nje unaongea peke yako.

Akatuma ombi siku ya Jumatatu. Jumatatu iliyofuata kimya, akatuma tena. Akawa anatuma kila Jumatatu wakati wa chakula cha mchana, dirisha limefungwa na wenye shida zao wakigonga kioo kwa funguo. Wiki ishirini na mbili. Mwishoni mwa hizo wiki ikaja homa ya nne, na hiyo haikuwa na huruma hata kidogo. Chiriku alinyooshea kikombe kidole na kulia kwa hasira, maana jina la kikombe halikuwepo. "Kikombe," mama akamwambia. "Sema kikombe, mwanangu." Mtoto akamkodolea macho, akauangusha mkono.

"Mama Chiriku," mumewe alimwuliza asubuhi moja, "hiyo kompyuta itamponya mtoto?"

"Haitamponya."

"Sasa?"

"Sasa wewe una njia gani? Nitajie, niifuate kwa magoti."

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Alichukua sanduku lake la vifaa akaenda kazini, na karani alijua fika kwamba angeenda kulia chini kwenye shimo la lifti, ambako alikuwa akilia siku zote, akidhani mkewe hajui.

Siku hiyo ndipo karani, kwa kukata tamaa tu, aliposoma masharti ya saraka. Yeye, aliyekuwa akiwagombeza watu kwa kutosoma bango la ukutani! Masharti yalisema mambo mawili. La kwanza, ombi jipya la tovuti ileile hufuta la zamani na kwenda mwisho wa foleni. La pili liliandikwa kwa herufi ndogo juu ya kundi lake, Magonjwa Adimu ya Watoto: kundi hili halina mhariri kwa sasa. Hiyo "sasa", kwa tarehe iliyokuwa pembeni, ilikuwa na miaka minne.

Hapakuwa na mtu. Wiki zote hizo, na Chiriku wake anakwisha kidogo kidogo, alikuwa akibisha mlango wa chumba kitupu. Alicheka, kicheko kibaya kilichomfanya mwenzake wa meza ya pili amletee maji, kisha akaenda msalani kunawa uso. Aliporudi aliona maneno mengine chini ya yale: unaweza kuomba kuwa mhariri.

Mwombaji alitakiwa kuleta tovuti tatu zinazolifaa kundi, azieleze, na aseme wazi kama kuna yake. Mara ya kwanza walimkatalia. Alikuwa ameandika "tovuti nzuri sana, inagusa moyo," na jibu likaja kavu: "Eleza kilichomo. Usisifu." Basi akaandika kama anavyoandika jalada: "Kurasa kumi na mbili. Dalili, vipimo, anwani za kliniki mbili." Hilo walilielewa. Siku ya tisa akapewa ufunguo wa kundi hilo.

Foleni ilikuwa na tovuti mia tatu na kumi na saba. Yake ilikuwa ya mia tatu na kumi na saba. Kila Jumatatu, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amejitoa alipofika na kujirudisha mkiani.

Aliiingiza ya kwake kwanza, bila aibu yoyote, akaandika pembeni kwamba ni yake. Ilichukua dakika moja. Angeweza kufunga pale akaenda kula. Lakini mtu hakai masjala miaka kumi na moja bure. Faili kongwe zaidi lilikuwa pale juu na liliusumbua mkono wake. Haukuwa wema, yalikuwa mazoea. Akalifungua. Alikuwa muuza vidonge vya kuponya kila kitu, akamtupa nje. La pili lilielekeza kwenye tovuti iliyokwishakufa. Akafungua la tatu.

"Kila homa inapoondoka, inaondoka na kitu."

Aliyasoma mara tatu akidhani ni maneno yake. Hayakuwa yake. Ilikuwa tovuti ya baba mmoja, kurasa mbili tu, na picha ya mvulana aliyekaa juu ya rundo la mbao. Kwanza kukimbia. Halafu vifungo. Ombi lilitumwa miaka minne iliyopita, mara moja tu. Huyu baba aliambiwa asubiri, akasubiri. Chini kulikuwa na namba ya simu, na karani akaipiga kwa simu ya ofisi, vidole vikikosea mara mbili.

Ikapokelewa katikati ya kelele za msumeno wa umeme.

"Samahani, baba," karani akasema. "Wewe ndiye uliyeandika habari za mtoto na homa?"

Msumeno ukazimwa.

"Umezipata wapi?" mwanaume akauliza.

"Kwenye saraka. Na mimi ninaye. Binti. Ana miaka sita."

Ukasikika msumeno ukiwekwa chini.

"Walisema nisubiri," yule baba akasema, pasipo hasira. "Nikasubiri. Mwanangu alituacha mwaka juzi, mwezi wa tano."

Karani alifunga mdomo wake kwa kiganja. Miezi yote hii alimtafuta mtu huyu, na alikuwa amempata, na hiki ndicho alichokuwa nacho. Akataka kukata simu. Akataka kwenda nyumbani kumkumbatia Chiriku na asimwulize mtu yeyote kitu chochote tena.

"Mama, usikate," yule baba akasema haraka. "Homa ya mwisho ilikuwa lini?"

"Wiki tano sasa."

"Imeondoka na nini?"

"Maneno. Nusu ya maneno."

"Wangu maneno yalirudi."

"Yalirudi?" Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kinaweza kurudi. Si daktari, si vitabu vyake.

"Mara mbili. Mara ya kwanza tuliona bahati tu. Mara ya pili ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumefanya, na tulichokuwa tukikosea kabla ya hapo. Lakini mwili wake ulikuwa umeshachoka." Akakohoa, akaendelea. "Nimeandika yote, tarehe kwa tarehe, na sijawahi kuulizwa na mtu. Una kalamu?"

"Ninayo," karani akasema, akavuta karatasi.

"Nitakwenda polepole," yule baba akasema. "Anza na tarehe ya homa yake ya kwanza."