Ubatizo wa Pili wa Perpetua

Mwaka 1974 mashine ya maji kijijini kwetu, upande wa Makote, ilikaa miezi minne bila dizeli. Tulishuka bondeni alfajiri na kurudi na ndoo kichwani jua likiwa limeshapanda. Kwa hiyo niliposikia kwamba vijana wamejaza maji shimo zima ili wazamishane humo, kwanza nilikasirika kwa ajili ya maji.

"Na mwanao kazama, Mwalimu," aliniambia jirani yangu Sijaona. "Kaibuka anaimba."

"Perpetua alibatizwa akiwa na wiki tatu."

"Basi sasa ni msafi kutuzidi sote."

Perpetua ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Wavulana waliomaliza naye waliingia mgambo kulinda mpaka wa Ruvuma, yeye alibaki kutwanga mihogo. Kanisani kwetu wasichana walifagia Jumamosi na kukaa nyuma Jumapili. Ndipo Gervas, fundi cherehani kijana kutoka Masasi, alipoanzisha ibada barazani pake kwa gitaa, akampa Perpetua Biblia na kumwambia ahubiri. Nilicheka. Nilidhani ataichoka kazi hiyo kama alivyochoka kufuma vitambaa.

Wakati huo nilikuwa nimeshamtafutia nafasi katika chuo cha wauguzi wasaidizi cha misheni. Nilikwenda mara tatu kwa malori ya korosho mpaka wakamwandika. Ilibaki barua ya padri kwamba ni Mkristo mwema, nayo ilitakiwa wiki ile ile.

"Akikuuliza, umebatizwa mara moja," nilimwambia njiani kwenda kwa Padri.

"Huo ni uongo, Mama."

"Hiyo ni barua."

Padri alikuwa mzee, na habari alikuwa nazo. Perpetua akamwamkia, "Shikamoo, Padri."

"Marahaba. Umebatizwa mara ngapi, binti?"

"Mara mbili."

Akaiweka kalamu mezani. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema ubatizo ni mmoja. Kesho kwenye misa Perpetua apige magoti mbele ya watu, aseme lile la shimoni lilikuwa mchezo, na barua ataiandika papo hapo.

"Sema ni mchezo," nikamwambia. "Neno moja tu. Mungu anakujua."

"Yale maji niliyachota mwenyewe, Mama. Safari tisa."

"Nitakuchapa hapa hapa mbele ya Padri."

"Nichape." Kisha akamgeukia yule mzee, bila ukali. "Padri, nimekaa katika kanisa lako tangu nizaliwe. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniuliza kitu."

Padri akaitazama kalamu. Hakuishika.

Nafasi ile ilikwenda kwa binti mwingine. Siku niliyopata habari nilikwenda kwa Gervas, nikamkuta anafunga cherehani kwa kamba. Alikuwa anarudi Masasi. Huku watu hawakuwa na vitambaa vya kushonesha.

"Umempa nini mwanangu?" nikamuuliza.

"Watu, Mama Perpetua. Kuna vijana ishirini wanaomsikiliza. Nawaacha mikononi mwake."

"Na wewe unakwenda kutafuta riziki."

"Lazima nile, mama."

"Na yeye atakula nini?"

Akaendelea kukaza kamba.

Jumapili, nikitoka misa, nilipita karibu na ile baraza. Perpetua alikuwa amesimama mbele ya wenzake waliokaa mikekani. Alizungumza taratibu, alisubiri aliyechelewa kuelewa, alimwita kila mtu kwa jina lake. Angekuwa muuguzi mzuri. Msichana mmoja akasogea kunipisha kwenye mkeka, akanikaribisha kwa mikono miwili. Nikamwambia sina nafasi, nina madaftari ya kusahihisha. Nikasimama pale juani mpaka binti yangu alipomaliza.