Mtu Hajipigii Makofi

Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi hapa Pongwe nilikuwa na sheria moja kuhusu makofi, na sikuwahi kuilegeza. Mtoto akipata jibu, anasimama. Wenzake wanampigia makofi, yeye ametulia, mikono chini, macho chini, mpaka yaishe, ndipo anakaa. Akitokea wa kujipigia mwenyewe, darasa zima lilimcheka, wala sikuwa na haja ya kumgusa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na watoto wangu walilijua hilo kabla hawajajua kuandika majina yao.

Sasa niambie, nimefika umri huu, ndevu nyeupe, halafu kijana mwenye waya sikioni ananiamrisha nijipigie makofi mbele ya kamera.

Lakini nianze na Hafsa, mke wangu, maana bila yeye nisingefika huko. Kila Jumamosi baada ya magharibi tulitazama shindano la maswali kwenye runinga. Mimi nilikaa kwenye kochi, yeye kushoto kwangu, kwenye kiti chake cha mbao chenye mto wa kijani, ungo wa mchele mapajani. Mtangazaji akiuliza, mimi najibu kabla ya washindani wake. Nikikosa, Hafsa anasema, "Pole, Mwalimu, ndiyo kustaafu huko." Nikipata, namgeukia. Anaweka ungo chini, ananipigia matatu ya haraka na moja zito la mwisho. "Haya, huyo ndiye wangu," anasema, kisha anaendelea kuchambua mchele. Mungu hakutujaalia watoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kutucheka.

Siku moja akaniandikisha kwenye shindano kwa simu yake bila kuniambia. Nilimgombeza sana. Nilimwambia mimi si mtu wa kuanikwa kwenye runinga kama dagaa.

"Mikono yangu imechoka, Mwalimu," akanijibu. "Nataka siku moja nikae kitako, nisikie watu wengine wakikupigia."

Alifariki kabla hawajatupigia simu. Ile simu yake niliendelea kuichaji. Watu waliponiuliza ya nini, nilisema huenda ndugu zake wakaitafuta namba. Uongo mtupu. Nilipenda tu ikiita, hata kama ni kampuni ya simu inatangaza vifurushi.

Basi asubuhi moja ikaita, sauti ya msichana ikasema, "Naomba kuongea na mume wa Bi Hafsa." Tangu arobaini ipite hakuna aliyeniita hivyo. Akanieleza kwamba shindano linakuja kurekodiwa Tanga, kwenye ukumbi mmoja kule Raskazone, na jina langu limetoka. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nilitaka lile alilolitaka Hafsa litimie, watu wengine wanipigie makofi. Sikuwa na haja nyingine.

Jirani yangu Mwanasiti alitaka kunisindikiza. "Mwalimu, utaendaje peke yako? Kila mtu huwa na watu wake pale." Nikamwambia siendi kutahiriwa. Nikavaa kanzu yangu ya Idi na koti, nikapanda bajaji.

Mpinzani wangu alikuwa Imakulata, muuguzi kutoka Amani. Huyo alikuja na ukoo. Shangazi, wajomba, katekista wao, wote wamejaza safu nzima, wameshuka milimani na masweta yao kwenye joto letu hili. Kwenye safu yangu niliweka koti.

Kijana mwenye waya sikioni aliitwa Godlisten. Kazi yake ilikuwa kusimamia makofi. Sikujua kama kuna kazi hiyo duniani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ukipata jibu, taa ya kijani itawaka, watu watapiga makofi. Na wewe jipigie. Usisimame tu."

"Nijipigie mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kwenye kamera asiyejipigia anaonekana amenuna. Watazamaji wanamchukia."

"Kijana, mimi nikijipigia, wao wamekuja kufanya nini?"

Imakulata akacheka. "Sisi kule juu tunajipigia, Mwalimu. Baridi ile, angalau mikono ipate joto."

Nilimwona mwanamke mwema, lakini hakunishawishi. Nilimwambia Godlisten kwamba mtu hajipigii makofi, nikasimama mahali waliponichorea, mikono chini.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Rahimu, mtangazaji, akauliza, nikajibu, taa ikawaka, ukumbi mzima ukapiga. Taa ikazima, nao wakanyamaza papo hapo kama bomba lililofungwa. Nilikuwa nimengoja makofi hayo kwa miezi, na yalipofika hayakunigusa. Hakuna aliyekuwa ananipigia mimi. Walikuwa wanaipigia taa. Imakulata naye alipopata nilimpigia mwenyewe, matatu ya haraka na moja zito, maana hiyo ndiyo adabu. Godlisten akajishika kichwa kule nyuma ya kamera.

Tulimaliza tukiwa sawa. Ukabaki mzunguko wa mwisho, dakika moja ya maswali ya haraka kwa kila mmoja, na watu hawaruhusiwi kupiga makofi mpaka kengele ilie. Godlisten akaja kuninong'oneza.

"Mzee, hapa watu watakuwa kimya. Ukiambiwa sahihi, jipigie moja, twende. Linakupa mwendo."

"Mwendo ninao."

Imakulata alianza. Anajibu, pa, anajipigia, anadaka swali jingine. Anajibu, pa. Ukoo wake umejiziba midomo kwa mikono ya masweta. Aliteleza maswali mawili, hakujali.

Kisha zamu yangu. Mkonge wa Tanga asili yake nchi gani? Meksiko. Mto Pangani unaishia bahari gani? Bahari ya Hindi. Mji mkuu wa Zambia? Lusaka. Sikukosa hata moja, nakuapia. Lakini kengele ilipolia, Imakulata alikuwa amenizidi kwa swali moja. Sikuelewa. Niliyajua yote, sikubabaika, dakika yangu imekwenda wapi?

Taa ikawaka, ukoo ukalipuka, nami nikampigia mshindi makofi kama inavyopasa. Akaja akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu," akasema polepole, "ulikuwa unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu," nikamjibu. Nilidhani ananikejeli kwa ile safu yangu yenye koti. Nikachukua koti langu nikarudi Pongwe.

Shindano likatangazwa kuonyeshwa Jumamosi. Mwanasiti alikaribisha mtaa mzima kwake, chai na maandazi, akaja mlangoni kuniita.

"Njoo, Mwalimu, tukutazame pamoja."

"Mtu akishindwa haendi kutazamwa," nikamwambia.

"Utakaa humo na nani?"

Nilifunga mlango. Nisingeweza kulijibu swali hilo bila kulia, na mimi silii mlangoni. Nikakaa kwenye kochi, kiti cha mto wa kijani kushoto kwangu kama siku zote.

Mzunguko wa kwanza niliutazama kwa kununa tu. Godlisten alisema kweli, nilionekana nimenuna. Ukaja ule wa mwisho. Rahimu akauliza habari ya mkonge, yule mzee mwenye kanzu akajibu, Rahimu akasema sahihi. Hapo yule mzee akageuza uso kushoto kwake, akangoja.

Nilisogea karibu na runinga. Hapakuwa na kitu upande ule, ni pazia jeusi tu. Lakini uso wake ulikuwa umelainika, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu anayejua kuna kitu anapewa. Rahimu alikuwa amesimama na kadi mkononi, hajui amsemeshe au amwache. Kisha yule mzee akakumbuka. Uso ukarudi ulivyokuwa, akageuka mbele, swali jingine likaulizwa. Akapata tena. Akageuka tena.

Ndiyo maana dakika haikutosha. Kila jibu nilingoja makofi ya Hafsa, wala sikujua kama nangoja. Na mtaa mzima walikuwa wamekaa kwa Mwanasiti wananiona. Kwanza niliona aibu. Halafu nikaona kitu kilichoniuma kuliko aibu, jinsi yule mzee alivyokuwa na furaha kila mara kabla hajakumbuka.

Nikatazama kiti cha Hafsa. Kilikuwa kushoto kwangu. Lakini yule mzee alikuwa amenikabili, kushoto kwake ni kulia kwangu, na huko hapakuwa na chochote isipokuwa ukuta na ndala zangu. Kila alipopata aligeukia upande usio na kiti. Nilimwonea huruma kama vile si mimi. Nikainuka, nikakibeba kile kiti na mto wake, nikakivusha chumba, nikakiweka kule alikokuwa anatazama. Hakuna aliyekikalia tangu mwenyewe aondoke. Nikakikalia.

Rahimu akauliza habari ya Zambia.

"Lusaka," akasema yule mzee.

"Sahihi."

Akageuka, akanitazama.

Sikujipigia, na asiseme mtu kwamba nilijipigia. Nilikuwa nimekaa mahali pa Hafsa, nikafanya kazi yake. Nikampigia matatu ya haraka na moja zito la mwisho.

"Haya," nikasema, "huyo ndiye wangu."

Yule mzee akageuka mbele kungoja swali jingine, na kengele ikalia.