Uzi wa Nne wa Werema

Du. Du. Du. Kisha kimya. Niliusikia uzi huo mmoja kabla sijaiona nyumba ya mpigaji, nikasema moyoni: huyu mzee amesahau nyimbo zake.

Ilikuwa kijijini Buswahili, mwaka themanini na tatu, siku ambazo maduka ya Bunda na Musoma yalibaki rafu tupu. Kutunga mashairi nilijifunza peke yangu. Litungu nalo, kile kinubi cha nyuzi nane, nilijichongea, nikalifunga nyaya za breki ya baiskeli, maana nailoni hata wavuvi hawakuwa nayo. Nilialikwa kuimba harusini Kabasa, na nilitaka jina. Kilichobaki ni Mzee Werema, mpigaji wa pale, kunifundisha kupiga.

Alinisikiliza, akacheka. "Unapigaga kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Kaa. Mwaka huu uzi mmoja. Huu wa nne."

"Mwaka mzima? Mimi si mtoto, mzee."

"Mtoto angeshakaa."

Niliondoka nimevimba.

Mwezi haukuisha, mzee akafa. Nilikwenda msibani. Kwao mpigaji akizikwa, mjane hulegeza litungu lake uzi mmoja kila siku, siku nane, ili limalize maneno yake taratibu. Siku ya tatu mkewe, Bibi Penina, alilegeza wa tatu. Mimi niliziangalia tano zilizobaki: nailoni safi, imekaza. Watu walipokwenda kula, nikazifungua zote tano nikatia mfukoni.

Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo. Nilisimama na litungu langu lenye nyuzi za marehemu, nikamwanzia bibi harusi shairi langu bora. Uzi wa nne ukalia mara tatu, ukanyamaza. Vidole vyangu vilikuwa bado hewani.

Nikaanza upya. Du. Du. Du. Nikafungua kinywa kuomba radhi, kikatoka kicheko cha kizee, kisha maneno: "Kama mtu anayefukuza kuku."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Lakini Makongoro, mjomba wa bibi harusi, mzaliwa wa Buswahili, aliweka kibuyu chake chini. "Kijana, sauti hiyo tumeizika juzi."

Hakuna aliyecheka tena. Tangu hapo kila nilipoanza ubeti, kinywa kilitoa kicheko kile. Mashairi yangu, mali pekee niliyokuwa nayo, hayakutoka.

Nikarudi Buswahili mchana, jua likichoma. Du. Du. Du. Nyumba sijaiona bado, na zile nyuzi nimeshazifungua, ziko mfukoni mwangu.

Bibi Penina alikuwa uani anapepeta mtama. Litungu la mzee limeegemea ukuta mbali naye, na nyuzi zake tatu zilizolegea zinaning'inia.

"Umechelewa," alisema bila kuinua macho. "Amekungoja tangu asubuhi."

"Nani, bibi?"

"Si ulisema wewe si mtoto? Basi usiulize ya kitoto."

Nilizirudisha nyuzi tano mahali pake. "Sasa nizilegeze, bibi, tummalizie siku zake?"

"Ulegeze nini? Hajamaliza. Ana mwanafunzi."

Nikakaa chini, kwenye vumbi. Niligusa uzi wa nne. Ulikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Nikasema kwa sauti, bibi akisikia, macho yangu kwenye litungu: "Mzee Werema, mwaka mzima nitapiga huu mmoja. Ubeti wangu hata mmoja sitauimba mpaka wewe uniruhusu."