Mshono wa Shingoni

Walinzi walikuwa watano.

Fundi aliupindua mto wa sindano, akautikisa juu ya meza, akapitisha macho kwenye kila kipande cha kitambaa kilichokuwa mbele yake. Watano. Jana asubuhi walikuwa sita.

"Wifi, umemwona mlinzi wangu?"

"Wa getini? Kalala, nimempita sasa hivi," alisema wifi yake bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Alikuwa dada wa marehemu mume wake. Walishona chumba kimoja mwaka wa kumi na moja sasa, na mzaha haukuwahi kumwishia mdomoni.

"Sindano. Wamebaki watano."

Cherehani ikanyamaza.

Katika karakana ile, mlinzi lilikuwa jina la sindano fupi isiyotungwa uzi. Kabla ya kuifunga shingo ya kikaragosi, fundi huichoma kwenye pamba ili iirudishe nyuma, isinaswe na mshono. Kisha hushona kwa kificho: uzi hupita ndani ya pindo la kushoto, ukavuka, ukapita ndani ya pindo la kulia, ukavuka tena, kama vidato vya ngazi. Ukishavutwa mara ya mwisho, midomo miwili ya kitambaa hufumba na uzi hauonekani tena. Mlinzi hutolewa kabla ya vuto hilo. Akisahauliwa, anabaki ndani.

Vikaragosi vyenyewe vilikuwa vya wodi ya macho. Watoto waliopasuliwa hukaa siku kadhaa wamefungwa bendeji, na kile wasichokiona hukisoma kwa vidole. Mshono uliovimba huuchokonoa hadi ufumuke. Ndiyo maana mwenye karakana hakupokea mshono unaoonekana wala unaogusika, na ndiyo maana shingo zote aliachiwa fundi peke yake. Wenzake walimwita Bi Kificho.

Jana alasiri alikuwa akifunga shingo sita kwa mkupuo, kila moja na mlinzi wake, wakati mwenye karakana alipokuja kusimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Kuna mtoto wodini hanyamazi tangu asubuhi, alisema, nipe hata kimoja. Fundi akampa Bibi. Vilivyobaki vingechukuliwa leo saa sita.

"Pengine yumo humu humu," alisema wifi, akivipanga mezani: Babu, Mwalimu, Askari, Jogoo na Mbwa. Alileta sumaku waliyookotea pini sakafuni. Haikusaidia kitu. Kila shingo ilikuwa na waya wa kuishikilia wima, na sumaku iliving'ang'ania vyote sawasawa.

"Basi vibonyeze. Utamsikia tu."

Fundi alikibonyeza kichwa cha Babu, mashavu, kisogo, chini ya kidevu.

"Hamna," alisema.

Akambonyeza Mwalimu. Hamna. Askari, hamna. Jogoo alimbonyeza hadi kwenye mdomo wake wa njano. Alipomweka Mbwa chini, wifi alishusha pumzi.

"Haya, angalau tumejua. Yuko kwa Bibi."

Fundi akachukua mkasi, akamrudia Babu, akaanza kuutafuta mshono wa shingo.

"We wifi! Si umesema hamna?"

Fundi alimgeuza Babu dirishani, upande huu, upande ule. Mshono aliufunga kwa mkono wake mwenyewe jana, akiukodolea macho kwa kila tundu, na leo macho yaleyale hayakuuona. Zamani angepitisha ncha ya kidole mara moja akaupata. Mwishowe akakata palepale, kwenye kitambaa kizima, na pamba ikafura nje.

"Wifi."

"Nimekusikia," alisema fundi.

"Hujanisikia. Tazama mkono wako."

Akatazama. Wifi alikuwa amekishika kidole chake cha shahada, cha mkono uliomkamata Babu, na kucha zake mbili zilikuwa zimezama kwenye ngozi.

"Nakufinya tangu ulipoanza kukata," alisema wifi. Akakiachia. Alama mbili zilibaki, nyeupe. "Tangu lini?"

"Mwaka jana, mvua zilipoanza. Kilianza hiki, vikafuata vingine. Sasa ni mikono yote miwili."

"Na lile jeraha, kumbe la pasi? Ulisema ni mafuta yamekurukia."

"Nilisema hivyo."

"Daktari?"

"Amesema ni sukari. Amesema vidole havitarudi vilivyokuwa."

Wifi akacheka, kicheko kikavu kilichokatika katikati. "Mwaka mzima nakuonea gere, kumbe mwenzangu unashona kwa macho matupu."

Kisha akaacha kucheka, akavivuta vile vinne, akavibonyeza mwenyewe harakaharaka, kama mtu anayechagua maparachichi. Akaichambua pamba ya Babu hadi ikawa vumbi. Hamkuwa na kitu.

Walipiga simu wodini. Iliita mara nne, haikupokewa.

"Mpigie mwenye karakana," alisema wifi, lakini sauti yake haikusukuma. Mshonaji aliyesahau pini kwenye bawa la jogoo, miaka miwili nyuma, alitoka na mkoba wake kabla ya chai ya saa nne. "Au niende mimi. Vidole vyangu vizima. Nitasema nimetumwa kukaza shingo, nitamtoa mlinzi huko msalani, nani atajua?"

"Na Babu atafungwa na nani? Gari linakuja saa sita."

"Shingo zangu zinaonekana toka barabarani."

"Zangu umeona zimetufikisha wapi," alisema fundi, akachukua mkasi mdogo.

Hospitali ilikuwa mitaa miwili kutoka hapo. Njiani alitunga sentensi kuhusu uzi uliolegea, akaipanga vizuri, akairudia. Nesi wa zamu alikuwa nyuma ya meza, anapanga vikopo vya dawa.

"Saa ya kutazama wagonjwa bado, mama."

"Nimekuja kwa ajili ya kikaragosi kilicholetwa jana. Kina sindano ndani."

Ile sentensi nyingine haikutoka kabisa.

Nesi aliweka kikopo chini. "Sindano? Nani kaiacha?"

"Mimi."

"Itabidi niwapigie wenye karakana. Na nitaandika."

"Andika. Kitanda kipi?"

Kilikuwa cha tatu. Mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, macho yote mawili yamefunikwa, alilala ubavu akiwa amemkumbatia Bibi, shavu juu ya shavu, ukingo wa bendeji ukigusa kidevu cha kitambaa. Nesi alinyoosha mkono kukichukua. Mtoto akakaza mikono na kuuzamisha uso zaidi.

"Usivute!" alisema fundi.

Mkono wa nesi ukabaki hewani. Kisha akarudi nyuma taratibu, akaelekea kwenye simu.

"Nani huyo?" aliuliza mtoto.

"Mimi ndiye niliyemshona Bibi."

"Muongo. Bibi hajashonwa. Nimemtafuta mwili mzima, hana mshono." Alifikiri kidogo. "Ana jino tu."

"Jino?"

"Moja. Nikimbana linatoka, nikimwachia linaingia. Linauma."

"Liko wapi?"

"Kwani huoni?"

"Sioni."

"Na wewe wamekufunga?"

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Mkono mmoja akaupenyeza polepole kati ya kitambaa na bendeji, kiganja kikiwa wazi, akautazama ukiingia ili ajue umefika.

"Wamenifunga vidole," alisema.

Mtoto alilipokea jambo hilo bila kushangaa. "Leta kimoja," alisema, "nikuonyeshe." Akapapasa hewani, akaupata mkono wa pili wa fundi, akachagua kidole, akakiongoza chini ya kidevu cha Bibi, mahali palipokuwa laini, pasipo alama yoyote. Kule mezani nesi alikuwa akisema kwenye simu, "Ndiyo, bado yupo hapa. Mwenyewe kakiri."

"Hapa," alisema mtoto. "Unasikia?"

"Bonyeza tena."

Mtoto akabonyeza kwa nguvu zake zote. Fundi aliinamisha uso hadi karibu kabisa na kidole chake, akakitazama bila kupepesa, akingoja damu imwambie.