Kibao Mlangoni kwa Oleta

Kila siku, saa kumi alasiri ilipokaribia, Oleta Stidham alifungua chupa moja ya bia na kuiweka mwisho wa kaunta, upande wa dirisha, kabla hajaiomba mtu. Dirishani alimwona Verlon Pruitt akisimamisha pikapu yake, akiinama kuweka bastola kwenye kisanduku cha mbele, kisha akija polepole juu ya kokoto. Ilikuwa hivyo miaka kumi na minne. Walizungumza saa nzima: nyanya zake za bustanini, goti lake, marehemu mkewe, marehemu mume wa Oleta. Saa kumi na moja aliondoka. Wateja wengine walikuja, wakaagiza, wakalipa, lakini Oleta hakuzungumza na mtu tena mpaka kesho yake saa kumi. Nyumbani alikuwa na redio.

Mwaka ule bunge la jimbo lilijadili kama wenye vibali vya bastola waruhusiwe kuingia na silaha kwenye baa. Mjadala ulifika hadi kaunta ya Oleta.

"Bastola na pombe chumba kimoja," alisema Royce, fundi bomba. "Wanasubiri nini, mazishi?"

"Hukusoma, bwana," Verlon alimjibu. "Mwenye silaha hanywi. Na mwenye baa asiyetaka anaweka kibao cha kukataza silaha mlangoni, basi."

"Hanywi! Nani atamchungulia kiunoni?"

"Mimi nina kibali miaka ishirini. Sijampiga hata kindi."

"Hujampiga kwa sababu humwoni, mzee."

Verlon mwenyewe alicheka. Walipomgeukia Oleta, alisema bado anafikiri. Shemeji yake aliuawa kwa risasi kwenye maegesho ya baa, ugomvi wa mchezo wa biliadi. Lakini alijua pia kwamba Verlon anaishi peke yake mwisho wa barabara ya vumbi, mahali ambapo polisi wakiitwa hufika baada ya dakika arobaini. Hakuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.

Sheria ilipita, ikaanza kutumika mwezi wa Julai. Siku ya kwanza Verlon aliingia shati likiwa limetuna ubavuni, akaagiza chai baridi ya sukari. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuuliza. Mtu aliyezoea bia akiagiza chai, watu walielewa, wakasogea kidogo.

Chai ile haikumkalisha. Verlon aliketi wima kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, akajibu alichoulizwa, na robo saa baadaye akaondoka. Goti halikutajwa tena. Mkewe pia hakutajwa.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Mashine ya barafu iliharibika, na Oleta alikuwa akiifikiria hiyo. Mkono wake ukafungua chupa na kuiweka mahali pake, kama ulivyofanya miaka kumi na minne. Verlon aliingia akieleza habari za nyanya, akavua kofia, akakaa, akapiga mafunda matatu. Hapo ndipo wote wawili walipoitazama ile chupa, kisha shati lililotuna ubavuni.

"Jamani!" Royce alipiga kelele. "Mzee Verlon kawa mhalifu! Mwiteni sherifu!"

Baa nzima iliangua kicheko. Verlon aliiva uso mpaka masikioni. Aliisukuma chupa taratibu, akatoka. Kofia ilibaki juu ya kaunta.

Asubuhi ya Ijumaa Oleta aliipanga hoja yake hatua kwa hatua, kama alivyopanga kila jambo. Kibao kikiwepo, bastola itabaki garini. Bastola ikibaki garini, bia itarudi. Bia ikirudi, ile saa yao ya mazungumzo itarudi. Alinunua kibao kwenye duka la vifaa, akakifunga mlangoni mwenyewe kwa skrubu nne.

Saa kumi Verlon alifika, akasimama mbele ya mlango. Oleta aliiona midomo yake ikisoma. Alichukua kofia, akatoka nje.

"Ni kwa ajili yako, Verlon. Iwe kama zamani."

"Zamani serikali ndiyo iliyonikataza, Oleta. Ilimkataza kila mtu. Nilikuwa naiacha garini wala siwazi. Sasa ni wewe."

"Ni kibao tu."

"Umekifunga wewe."

Oleta alizitazama zile skrubu. "Nikitoe?"

"Usikitoe. Baa ni yako. Ukikitoa sasa hivi, nitakuwa nimekulazimisha nikiwa na bastola kiunoni."

Alipokea kofia yake, akashukuru, akarudi kwenye pikapu. Lakini hakuwasha gari. Alikaa tu nyuma ya usukani, akilitazama lile dirisha.

Royce alipoingia, aliikuta chupa ikitoa jasho mahali pake, haina mtu.

"Mbona mzee yuko nje? Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Mimi jana nilikuwa natania tu, Bi Oleta."

"Najua."

Saa kumi na moja pikapu iliondoka. Jumamosi pikapu ilirudi, ikasimama palepale, ikaondoka saa ileile. Jumatatu Oleta alijaza chai kwenye glasi, akatoka nayo juani. Verlon alishusha kioo.

"Nyanya vipi?"

"Zimepasuka. Mvua imezidi." Alionja chai. "Umepata barafu."

"Nimeinunua dukani. Mashine bado. Na goti?"

"Lipo."

Ndani Royce aligonga kioo cha dirisha, akainua glasi yake tupu.

"Unaitwa," Verlon alisema.

"Naona."

Oleta hakuondoka. Alisimama juu ya kokoto, mkono kwenye ukingo wa mlango wa gari uliopata moto wa jua, mpaka Verlon alipomaliza chai na kumrudishia glasi. Hakumwambia aingie. Alirudi ndani, akaisuuza ile glasi, akaiweka peke yake karibu na dirisha kwa ajili ya kesho.